Nyota Inayomngoja wa Mwisho

Mama, pole na baridi ya Kibirichia. Hapa Kiambere, kwa wazazi wa Njeru, hata kivulini kuna joto.

Jana jioni nilienda kuona bwawa, nikapotea vichakani nikirudi. Nilifika giza limeshaingia, nikiona aibu: bibi arusi wa juzi tu, tayari analaza watu njaa! Nikawakuta wote nje, sufuria ya kunde imefunikwa, hakuna aliyeonja.

Mama mkwe akanishika mikono. "Kilimia, kile kishada cha nyota, kimetoka," akasema, "lakini ile nyota ya rangi ya chungwa inayokifuata nyuma bado. Kwetu hiyo humngoja mtu wa mwisho, na hatuli kabla haijatoka. Kwa hivyo hujachelewa, mwanangu."

Nyuma ya bega lake niliiona, imeshapanda juu ya kilima, inawaka kama kaa la moto. Nikaketi, nikala.

Ulilia nikiondoka, ukiuliza nani atanitunza huku. Mama, huyu amenidanganya vile wewe hudanganya kwamba umeshiba, ili mimi nile.

Asante kwa sahani zote ulizoniachia. Mungu akufunike vizuri usiku huu.

Kendi wako