Karte ya Mufu kwa Mutoto Muzima

Mwalimu, tangu lini karatasi inazaa mutoto? Minyi Nkambo, muzee wenu wa bulletin hii, nilizaa tisa, na hata mumoja hakutoka mu karatasi. Unanituma barua ya kurasa tatu, maandishi mazuri, nukta na koma kila moja pahali pake, na mu hizo kurasa zote hakuna siku moja yenye ulimusikiliza mama wa mutoto. Tena unaniomba nifiche jina yako. Kamina nzima iko na mwalimu mumoja tu mwenye kufundisha batoto kupiga mupira na fimbo. Nifiche nini? Bantu basome kwanza barua yako, kisha nitakujibu.

*

Nkambo yetu mpendwa, mwenye kutushauri, minyi mwalimu Isaïe wa darasa la tano naomba unisaidie, juu roho yangu inafurahi na inaniuma pamoja na sijue nishike wapi. Unajua misionari wetu alipoondoka wakati wa fujo ya mwaka 91 alituachia fimbo tano, gan kumi na moja za kuvaa mukononi na kudakia na kitabu kidogo cha muchezo wa bezboli, na minyi njo nilibaki na ile kazi, na kile kitabu nilikishika sawa vile Biblia. Kinasema batoto bapangwe kufuata miaka: ba miaka mitano mpaka saba bapige mupira wenye kuwekwa juu ya kijiti, juu hawajaweza bado kupiga wenye kuruka, na ba nane mpaka kumi batupiwe polepole na muntu mukubwa, na ba kumi na moja mpaka kumi na tatu batupiane wao kwa wao, kutoka kituo mpaka kituo hatua ishirini na ine, na ba kumi na ine mpaka kumi na sita bachezee kiwanja kikubwa, hatua thelathini na sita, na mupira mugumu. Miaka inahesabiwa siku ya kwanza ya mwezi wa tano, mvua ikiisha, na kisha ile siku hakuna kubadilisha mutoto mpaka mwaka ingine.

Basi mwaka huu nilikuwa na bakubwa nane, na bezboli inataka tisa, bila tisa hakuna kucheza na ekipe ya cité ya rail, mutaa wa bantu ba treni, na mutoto mumoja, Nahum, mwana wa Mama Phébé mwenye kuuza mikate karibu na gare ya treni, alileta karte yake ya batizo, na karte inasema 1983, maana yake miaka kumi na sita, na minyi nilimuangalia, Nkambo, siwezi kukudanganya, nilimuangalia mikono na mabega na nikajua huyu haiwezekani, lakini nilikuwa na nane, nikamuandika wa tisa. Mama yake alikuja kiwanjani akaniambia, "Mwalimu, huyu iko na kumi na tatu. Ile karte ni ya ndugu yake mukubwa mwenye kufa akiwa mutoto muchanga, huyu alizaliwa nyuma yake tukamupa jina na karte pamoja, juu jina njo lilirudi." Nikamujibu, "Mama, minyi nafuata karatasi. Karatasi haidanganye." Wiki ya pili mupira mugumu ulimupiga mufupa wa bega, akalia mbele ya benzake, mama akarudi tena, na nikamwambia tena lile neno moja.

Ile liste ya bakubwa niliibandika ku mulango wa shule, na majina na miaka, juu nilijivunia kazi yangu. Mu mwezi wa sita lori ya kutafuta vijana kwa ajili ya vita ikafika, na wale bantu hawakuuliza muntu, bakasoma mulango. Bakataka ba miaka kumi na sita. Bawili ba ukweli walikuwa bamekwisha kupelekwa na bajomba yao upande wa Kaniama, wengine wote walikuwa na kumi na ine na kumi na tano, akabaki mumoja tu ku liste, na huyo mumoja alikuwa Nahum. Bakamutoa mu darasa langu akiwa na kalamu mu mukono. Nilisema, "Huyu ni mudogo." Mumoja wao akanionyesha karatasi yenye aliitoa ku mulango, akaniuliza, "Ni nani aliandika hapa?" Nikageukia ubao.

Mama Phébé alimuendea pasteur, lakini vitabu vya batizo viliungua zamani. Aliomba, alilia, siku kumi zikapita. Siku ya kumi na moja alikwenda makaburini, akachimba na mikono, akatoa musalaba wa Nahum wa kwanza, ule wa mbao ya mulombwa wenye baba yake alichoma jina na chuma cha moto, NAHUM 1983–1984, akaubeba ku kichwa mpaka kambi ya askari kwenye walimuweka mutoto. Askari wa ku mulango akamuuliza, "Mama, unatuletea maiti?" Akajibu, "Nawaletea ule mwenye miaka kumi na sita. Njo huyu, muchukue. Ule mwingine munirudishie." Banasema komanda wao alisoma ule musalaba mara mbili, akaita mutoto, akamuuliza, "Huyu ni nani?" Nahum akajibu, "Ni mukubwa wangu." Komanda akamuambia, "Vua hii koti ya watu, ufuate mama yako." Na wakarudi kwa miguu, mutoto njo alibeba musalaba.

Nkambo, nilipomuona anapita na barabara nilikaa chini mu vumbi sawa mulevi. Leo ni siku ya tisa. Lakini Mama Phébé hanisalimie, na musalaba aliuegemeza ku ukuta wa jikoni yake, hataki kuurudisha, anaambia majirani, "Mwenye kumuandika njo ataurudisha." Na Nahum anakuja anasimama mbali na kiwanja, anaangalia tu. Nikimuweka na ba kumi na tatu, bazazi ba cité ya rail banasema ninamushusha mukubwa kwa kudanganya, na kitabu kinakataza kubadilisha kisha mwezi wa tano, na ekipe ya bakubwa, hata wale bawili ba Kaniama bakirudi, inakufa na bantu nane. Niende kwa ule mama ao ningoje hasira yake ipoe? Nifanye nini na mutoto? Na tafadhali usitaje jina yangu.

*

Mutoto iko kwao. Anakula bukari ya mama yake. Nilipofika pale mu barua yako niliambia mujukuu wangu Béthanie mwenye kunisomea, "Simama kidogo," nikapiga makofi mara tatu, nikamushukuru Mungu, kisha nikamwambia aendelee. Kwa hiyo usidhani naandika na hasira tupu, mwalimu. Nimefurahi. Lakini furaha haitanizuia kukuambia.

Weye si mujinga, na si muntu mubaya. Ulikuwa na nane, ukataka tisa. Hiyo njo yote. Kama ungekuwa na bakubwa kumi, ungemusikia Mama Phébé vizuri sana, ungesema, "Ndiyo Mama, bantu banafanyaka hivyo na karte, tumupeleke kwa badogo." Kumbe hata mama yako weye alikufanya vile, najua, nilikuwapo, una jina la mujomba wako. Kwa hiyo usiniambie hukujua desturi. Kila nyumba hapa iko na mutoto mwenye kubeba jina la mufu. Ulijua, na ukajificha nyuma ya karatasi sawa mutoto mwenye kuvunja chungu.

Tena kile kitabu unakisingizia bure. Béthanie alinisomea mara mbili ile maneno ya kijiti na hatua ishirini na ine, na minyi mwenye kuacha shule mwaka wa tatu nilielewa. Kiko na akili. Mudogo anawekewa mupira usiokimbia juu asiumie. Wa katikati anapewa njia fupi juu miguu yake ni mifupi. Ule muntu mwenye kukiandika alikuwa anafikiri mabega ya batoto. Weye ulichukua kitabu cha kuchunga batoto, ukamupigisha nacho mutoto bega. Na ile siku ya kwanza ya mwezi wa tano ni kwa kuzuia bakubwa benye hila, si kwa kufunga mutoto mu makosa yako.

Na liste ku mulango. Mwalimu, vita iko njiani, malori yanapita na barabara, na weye unabandika inje majina ya vijana na miaka yao, juu bantu bashangae maandishi yako. Minyi hata kuku zangu siwahesabu mbele ya mugeni.

Sasa na weye Mama Phébé, juu najua bulletin hii utafungia mikate lakini utaisoma kwanza. Ulifanya neno lenye minyi singeweza, na nguvu yako nainamia. Lakini jina linarudi, karte hairudi. Karte ya mufu inazikwa na mufu. Ungemuomba pasteur karte mupya ile mwaka 86 alipozaliwa huyu, leo tusingekuwa hapa. Na sasa huyu mwanamume anaogopa kupita mulango wa lupango yako siku tisa, mutoto wako anaangalia benzake kwa mbali. Ule musalaba si wa kukaa jikoni na kula moshi. Mwalimu akifika, umufungulie. Umutukane kwanza kama unataka. Kisha umufungulie.

Unaniuliza, mwalimu, kama ungoje hasira ipoe. Hasira ya mama si chai. Utainywa hivyo hivyo, moto, umekaa pale mbele yake. Alisema nani ataurudisha musalaba, alisema waziwazi, na weye unaniandikia kurasa tatu kuniuliza. Kesho asubuhi uchukue jembe. Usipeleke maneno mengi, usipeleke kitabu. Ukapige magoti sawa bazee betu banafanyaka, upige makofi, useme, "Mama, nilijua na nilinyamaza." Maneno ine, yanatosha. Kisha ubebe musalaba weye mwenyewe, Nahum atembee mbele akuonyeshe pahali, uusimamishe shimoni, uushindilie udongo vizuri na miguu, juu mvua ya mwezi wa kumi haicheke na musalaba wenye kulegea.

Ekipe ya bakubwa ife. Banane bakae wakipigiana wao kwa wao mpaka mwaka kesho, hakuna muntu aliyekufa kwa kukosa wa tisa. Radio inasema bakubwa ba inchi banatia sahihi karatasi ya amani. Nayo ni karatasi, tutaona. Mbele ya kuona, majina ya batoto usiyabandike tena pahali popote.

Na Jumamosi, mbele ya kurusha mupira wa kwanza, uite bamama bote kiwanjani, ba gare na ba cité ya rail pamoja. Kila mama asimame na mutoto yake, aseme na kinywa chake alimuzaa mwaka gani, mwaka wa njaa ao mwaka mukubwa wa samaki, bamama benzake bamusikie, na kama anadanganya watacheka na utajua. Weye uandike maneno yao mu kaye ya shule, na ile kaye ukaifungie mu sanduku ya muke wako, ufunguo akae nao yeye. Mama Phébé aseme wa kwanza. Kisha umupe Nahum fimbo, umuweke na ba kumi na tatu, hatua ishirini na ine, na muntu wa cité ya rail akikuuliza karatasi iko wapi, mutume kwangu.