Mkoba Wenye Mifuko Miwili

Babu,

Siku ile tulipomwinda paa hukukosea wewe. Nilikosea mimi. Sijamwambia mtu. Si Bibi, si Tata, yaani baba yangu, si hata mchungaji wetu wakati wa kipaimara, alipotuambia tufumbe macho tumtajie Mungu kimoyomoyo kila tunachoficha. Nilifumba. Nikataja sukari niliyolamba na daftari la mwenzangu nililonakili. Nilipofika kwako na kwa paa, nikafumbua macho.

Nilijaribu kwanza kukuandikia kwa Kiingereza, kwa sababu ndicho tunachoandikia shuleni, na kwa Kiingereza aibu inakuwa kama ya mtu mwingine. Ikatoka insha. Ilikuwa na utangulizi na hitimisho, na wewe ndani yake ulikuwa mzee fulani tu. Nikaichana. Kihaya changu unakijua, kinatosha kusalimia na kuomba maji. Basi hiki hapa Kiswahili, ulichokuwa unanisemesha polepole ukidhani mimi ndiye nisiyekielewa.

Nimekaa chumbani kwako, kitandani, mgongo kwa mlango. Dirisha lako bado halifungi vizuri, na ukungu wa jioni unaingia kama mgeni anayeijua nyumba. Kati ya migomba naliona kaburi lako. Udongo wake bado mwekundu, kesho ndio wanalijengea. Watu wamekuja kutoka Bukoba, wengine kutoka Kaagya, na uani shangazi wanamenya ndizi na kucheka kwa sauti ile ya watu waliokwisha kulia. Daftari langu la baiolojia liko mapajani. Kila nikisikia nyayo naichomeka barua hii ndani yake, kwenye picha ya moyo. Nimeshaichomeka mara tatu.

Nikupe habari za nyumbani. Mbwa wako Polisi amezeeka, siku hizi anabweka akiwa amelala. Kahawa ya nyuma ya jiko imezaa mpaka matawi yameinama. Msumari uliokuwa ukitundikia bunduki sasa una mwavuli wa Bibi. Mwanzoni niliukasirikia mwavuli ule. Sasa nimeuzoea.

Na ninaota, Babu. Si kila siku, lakini ndoto ni ileile. Naliona rweya lote, nyasi na mawe mpaka mbinguni, na paa anatembea ukunguni akiwa mzima. Anasimama. Ananitazama kama anayesubiri niseme kitu. Nafungua mdomo, na kutoka mdomoni mwangu unatoka ukungu. Hakuna mlio. Mlio hauji kabisa, na huko kusubiri ndiko kunakoniamsha.

Bunduki yako ilikuwa ya nyati. Uliipata enzi zako za kuongoza wawindaji huko maporini, mtutu wake unaweza kumeza kidole changu cha mwisho, na hukuwahi kuwa na nyingine. Nyati walishaondoka zamani upande wetu huu wa Muleba. Kwenye kibali chako walibaki kanga, sungura, paa, na nguruwe pori waliokuwa wakifukua mihogo ya watu. Basi ukawa unamwendea sungura na bunduki ya nyati, na kijiji kizima kikapata la kusema. Mwesiga wa bodaboda akikuona tu anapunguza mwendo: "Waitu mzee, huyo sungura kakukosea nini?" Nawe bila kugeuka: "Kamtukana mama yako."

Walicheka kwa kuwa hawakujua ulichonifundisha mimi. Uliniwekea risasi mbili kiganjani. Moja imevaa shaba mwili mzima mpaka kwenye ncha. Nyingine ncha yake butu, ya kijivu, ukiiminya kwa ukucha inaacha alama. Ngumu na laini. Ukasema, "Mnyama mkubwa sana, ngumu, ili ifike. Mnyama mdogo sana, kama sungura au paa, ngumu vilevile, ili ipite tu iende zake. Laini ni ya wale wa katikati, kama nguruwe. Laini inafumuka ikiwa ndani." Ukanionyesha kanga uliyempiga kwa ngumu, na tundu lake nikaliziba kwa punje moja ya kahawa. Nyama yote ilikuwa salama. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na nilijiona nimeambiwa siri ya serikali.

Ndipo ukanikabidhi mkoba. Ule wa turubai, mwembamba, wenye mfuko mbele na mfuko nyuma. "Ngumu upande unaogusa tumbo lako. Laini upande unaotazama dunia." Bunduki uliibeba tupu kwa sababu yangu, hukutaka kutembea na mtoto na risasi ikiwa ndani. Ukimwona mnyama, macho yako yanabaki kwake, na mkono wako unakuja nyuma, kiganja juu: vidole vikinyooka ni ngumu, vikikunjwa ni laini. Mimi naweka. Hutazami. Hukuwahi kutazama.

Na sheria yako moja: "Kwenye windo hakuna mdomo."

Hujui nilivyoipenda sheria hiyo. Shuleni walikuwa wananiita bubu. Mwalimu akiuliza swali najua jibu, lakini jibu linafika kooni linakaa chini. Kwako ukimya wangu ulikuwa kazi. Ulimwambia Bibi nasikia, "Huyu ndiye pekee katika ukoo anayejua kufunga mdomo," na mimi nikajifunika shuka nicheke.

Siku yenyewe ilikuwa ya likizo, msimu wa senene. Jana yake Bibi alikaanga sufuria nzima, na vidole vyangu vilikuwa bado vinanukia. Tulitoka kwenye migomba tukaingia rweya kabla umande haujakauka, ukungu mzito hata miguu yetu hatukuiona. Tulitembea kama waliokuwa wanaogelea. Mkanda wa mkoba ukaanza kuniuma bega la kushoto. Nikausogeza bega la kulia, kimyakimya, kama ulivyonifundisha kufanya kila kitu. Sikufikiri. Mkoba ulipohama ubavu, uligeuka. Mfuko uliokuwa tumboni ukatazama dunia.

Ukasimama. Sikuona kitu, wewe ulimwona. Mkono wako ukaja nyuma, vidole vimenyooka: ngumu.

Nikaingiza vidole kwenye mfuko uliogusa tumbo langu, nikatoa, nikaweka. Na wakati naweka, kidole changu kikapita juu ya ncha.

Ilikuwa butu.

Nilijua, Babu. Ndiyo hiyo. Watu wakikosea bila kujua wanasamehewa hata na wanyama. Mimi nilijua. Ulifunga bunduki, ukainua, ukavuta pumzi, ukaitoa, ukavuta tena. Kulikuwa na nafasi ya neno moja. "Babu" ni neno fupi. Likafika kooni, likakaa chini.

Halafu ule mlio. Ukungu wenyewe ulitikisika.

Sitaandika yote tuliyoyakuta. Kichwa kilikuwa kizima, macho wazi, na vipembe vile vifupi kama vidole vya mtoto. Kwato zilikuwepo. Katikati hapakuwa na mnyama. Ulipiga goti ukavua kofia, nikadhani unaomba. Ukasema, "Huyu hakustahili hivi." Ukakusanya kilichokusanyika kwenye jani la mgomba. Mimi nilisimama na mkoba wangu, mdomo umefungwa vizuri kabisa.

Barabarani tukakutana na Mwesiga. Akachungulia kwenye jani. "Waitu mzee! Umewinda paa, au umewinda kwato?" Hukumjibu. Ilikuwa mara ya kwanza kukuona hukumjibu, na nadhani hata yeye alishtuka, maana aliwasha pikipiki akaondoka bila kuongeza neno. Lakini neno lilikwisha kuondoka naye. Kabla ya jua kuzama ulikuwa Mzee Kwato.

Likafika Bukoba. Wiki mbili baadaye Tata akaja kutoka kwetu Nshambya, pale pale Bukoba, na shati lake la ofisini. Nilikuwa mlangoni na kisahani cha kahawa za kutafuna. "Baba, usinielewe vibaya," akasema, "mkono umeanza kutetemeka. Leo paa, kesho mtoto wa watu." Hakusema kwa ukali. Alikuwa anaogopa, sauti yake ilikuwa ya chini kama yangu. Wewe ukautazama mkono wako gotini kama kitu ulichoazimwa. Kisha ukainua macho ukanitazama mimi, mara moja tu. Kisha ukasema, "Labda, mwanangu. Labda mkono umezeeka."

Mkaenda kituo cha polisi kuikabidhi bunduki. Ukarudi na basi, na ile ala tupu ya bunduki umeikunja magotini kama blanketi la mtoto.

Hukurudi tena rweya. Ukawa unaamka jua likiwa limeshapanda, wewe uliyekuwa unawaamsha majogoo. Halafu kifua. Halafu ukaja na Bibi kwetu Nshambya kuwa karibu na hospitali, na mchana nikirudi shule nakukuta umelala ubavu, uso ukutani. Na usingizini mkono wako ulikuwa unakuja nyuma, kiganja juu.

Mara ya kwanza nilikimbia. Mara ya pili nilichukua kahawa moja kavu kutoka kisahanini nikaiweka. Ukafumba ngumi, ukashusha pumzi, na ziwa lote linaloonekana dirishani kwetu likatulia. Tangu hapo nilikuwa naweka kila siku. Bibi aliokota kahawa shukani akasema wazee wana mambo.

Nilikuwa nimeamini umeondoka ukidhani mkono wako ulikusaliti. Hayo ndiyo niliyokuja kuungama hapa leo. Lakini asubuhi hii Bibi alinituma nitafute kitambaa cha meza sandukuni kwako, na chini kabisa nikaukuta mkoba. Mtupu. Nikauvaa. Nikapapasa, kwa mazoea tu, upande wa tumbo.

Kuna kifungo. Hakikuwepo. Kimeshonwa kwenye mdomo wa mfuko wa ngumu, kwa uzi mweusi, mshono mbayambaya wa mwanaume. Kifungo cheupe chenye matundu manne, nakifahamu, ni cha shati lako la kanisani. Yalikuwa majuma yaleyale kabla Tata hajaja, Bibi alikugombeza mbele yetu sote: "Kifungo cha shingoni umekila?" Ukacheka tu.

Nimekaa nacho muda mrefu nikikipapasa. Wewe uliyenifundisha laini inafanya nini ndani ya mnyama, ungeachaje kuitambua kazi yake? Ulipopiga goti pale ulishajua. Jioni ile ulimwaga risasi zote kitandani ukazipanga, ukazitazama sana, ukazirudisha moja moja. Nilidhani unazihesabu. Na kesho yake ukaniambia, ukiwa unaosha miguu, "Koku, bega likichoka, sema. Hata kwenye windo." Nilidhani unasema habari za mzigo.

Ulinishonea kifungo ili mara nyingine kidole changu kijue. Ulitaka kuwe na mara nyingine. Halafu Tata akaja, akasema habari ya mkono, ukanitazama na kisahani changu mlangoni, ukachagua mkono uzeeke.

Babu, kwa nini? Mtoto wa miaka kumi na tatu angegombezwa siku moja, basi. Wewe ulitoa bunduki.

Sasa sikiliza. Kesho kaburi likishajengewa, Tata atasimama kusema kwa niaba ya familia. Njia nzima kutoka Bukoba alikuwa anajaribu maneno yake basini, mimi nimeketi karibu naye. Atasimulia habari za paa. Anasema watu wacheke pia, msiba usiokuwa na kicheko ni mzito. Atasema: "Baba alikuwa mlengaji mpaka siku mkono ulipomtoroka." Watacheka, na wewe utabaki Mzee Kwato ndani ya saruji.

Nikimwambia, nitakurudishia mkono wako. Lakini Tata atajua kwamba alimnyang'anya bunduki mtu ambaye mkono wake ulikuwa mzima. Yeye anakupenda. Analia bafuni akidhani maji yanafunika. Nimebeba mambo haya mawili tangu asubuhi, moja kila upande, na kila nikihamisha bega yanageuka.

Uani wamenyamaza kumenya. Ukungu umeshafika kitandani. Najihisi kama nipo kule rweya, na wewe hatua tatu mbele yangu, hugeuki.

Lala sasa. Salamu nyingi kwa yule paa, mwambie najua jina la risasi iliyompiga na jina la aliyeitoa. Nakuahidi kesho hakuna atakayecheka mkono wako nikiwa nimekaa kimya. Kifungo nitakiacha pale pale ulipokishona.

Nyayo zinakuja. Ni za Tata, kiatu chake cha kulia kinalia kwenye saruji. Muda si mrefu uliopita ningeshafungua picha ya moyo. Daftari nimelisukuma chini ya mto wako, na barua iko wazi mapajani.

Amesimama mlangoni. Anasema, "Koku? Unaandika nini humo gizani?"

Sigeuki. Nikimaliza mstari huu nitanyoosha mkono nyuma, kiganja juu, na karatasi hii juu yake. Bega limechoka, Babu. Nasema.

Mjukuu wako,
Koku