Utani Niliokukataza, Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Goweko, na goti limekuachia angalau ufike kanisani bila kusimama njiani. Tumbaku mmemaliza kuifunga, au kaka bado anakimbizana na mvua? Mimi huku Ujerumani ni mzima. Baridi ipo, lakini leo hata siisikii.

Kazi yangu imepita, mama. Ile miaka minne ya kuchunguza jinsi watoto wanavyojifunza kusema haikwenda bure, na nimelia hadi jirani akaja kugonga mlango.

Sikukueleza hali ilivyokuwa mbaya. Mwalimu anayenisimamia alisikiliza sauti nilizorekodi hapo nyumbani, akaniuliza, "Huyu Kabula nani anamsemesha?" Maana huku mama hukaa na mtoto, akamwonyesha kikombe na kumtajia kikombe. Wifi yeye alimbeba Kabula mgongoni akaendelea na kazi zake, kimya. Mwalimu akasema kama hatujui mtoto alijifunzia wapi, kazi nzima haina kichwa wala miguu. Nikapewa wiki mbili niirekebishe, la sivyo nirudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa nikuungamie. Mjukuu wako alijifunzia kwako, nami ndiye niliyeficha. Unakumbuka ule msimu mkifunga tumbaku, ukawa unamwita mke mwenzako, kama bibi yeyote wa kwetu anavyomtania mjukuu wa kike? Ulimwuliza amempikia nini mume wenu, ukamwita mvivu, ukatishia kumrudisha kwao, naye na miaka yake miwili anahangaika kutafuta maneno ya kukujibu. Mimi nikakukataza. Nikasema Wazungu watatuonaje. Ukaninunia siku nzima, na ulikuwa na haki. Yale uliyokwisha kuyasema niliyakata yote, nikayaweka pembeni nije kuyafuta.

Nashukuru Mungu kwa uvivu wangu, sikuyafuta. Niliyarudisha, nikayatafsiri neno kwa neno, nikaeleza utani wa bibi na mjukuu. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Akasema, "Mtoto huyu alijifunza kusema ili ajitetee." Nilifurahi, mama, lakini pia niliona aibu kwamba niliwahi kukuonea aibu. Nisamehe.

Kuna jingine. Katika vipande hivyo Baba yumo. Tangu tumzike sikuwa nimeisikia tena sauti yake. Wakati wewe na Kabula mnarushiana maneno, yeye alikuwa ndani ya bani akichochea moto wa kukaushia tumbaku, akapaza sauti, "Ninyi wake zangu mnagombana tu, ugali wangu uko wapi?" Nilizima mashine. Kumbe siku ile nilitaka kumfuta na yeye.

Nisalimie kaka na wifi, shangazi yangu wa Urambo, na mama mkubwa, mwimbaji mwenzako wa kwaya; mwambie sala zake zimefika. Sauti hiyo nimeituma kwenye simu ya kaka. Kwanza isikilize wewe na Kabula, wawili tu. Mwambie mume wenu bado anadai ugali.

Ni mimi mwanao,
Nyamizi