Safu ya Lusiola Kando ya Mto Sio

Jumatano, 6 Machi 1996

Leo imetimia miaka ishirini na mitatu tangu niondoke kwetu Iganga, Uganda. Nimeandika hivyo juu ya ukurasa, kama kila mwaka, kisha nikaenda kazini.

Jumatano ni siku ya kinamasi. Darasa la saba, watoto thelathini na wanane, mstari mmoja hadi ukingo wa mto Sio. Maji yako chini kuliko Machi iliyopita. Mafunjo ya ng'ambo yamekatwa yote kwa ajili ya majamvi. Ya upande wetu bado yamesimama. Tulihesabu korongo taji sita. Msichana mmoja akabisha: ni watano, Mwalimu amemhesabu mmoja mara mbili. Alikuwa sahihi. Nimefurahi siku nzima.

Miaka kumi na mmoja ya Jumatano. Tangu nistaafu nafanya bure. Magoti yanauma.

Jumatatu, 11 Machi

Madam Nekesa, mwalimu wetu mkuu, amekuja hadi nyumbani na bahasha ya kaki. Shirika moja la ng'ambo linatoa ruzuku kwa elimu ya mazingira ya kanda: shule ya upande huu wa mpaka na shule ya upande wa Uganda zifundishe pamoja juu ya mto, kinamasi na udongo. Vitabu, darubini, safari za watoto kuvuka huku na huku. Na mratibu wa kulipwa.

"Mwalimu, hii ni yako kabisa," akasema. "Wewe andika. Mimi nitapiga muhuri."

Nilikaa na zile karatasi hadi chai ikapoa. Kila wanachodai kifanyike, tunakifanya tayari. Wanakiita kwa majina marefu tu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeandika siku tatu mfululizo. Kurasa kumi na mbili. Vipimo vya maji vya miaka kumi na mmoja, orodha ya ndege, mimea, na sura nzima juu ya mila za wenyeji kuhusu miti. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Nasema hivyo kwa sababu hakuna anayesoma hapa.

Penye jina la mratibu nimeandika langu.

Alhamisi, 21 Machi

Malaba. Mkutano wa shule zilizoomba, katika ukumbi wa hoteli iliyo karibu na foleni ya malori ya mpakani. Mwalimu wa shule pacha alivuka kwa miguu kutoka upande wa pili, kijana mwenye heshima, anaitwa Isabirye. Jina la kwetu. Alinisalimu kwa Kisoga, lugha yangu ya kuzaliwa, na mimi nikamjibu kwa Kiswahili. Sijui kwa nini.

Mama wa shirika alisifu andiko letu mbele ya wote. Akaweka sharti moja: lazima kuwe na eneo la mfano, ukingo wa mto uliopandwa miti ya asili, na barua ya wenye ardhi kwamba wanakubali. Atakuja kukagua Alhamisi ijayo. Bila barua, hakuna ruzuku.

Hilo si tatizo. Ukingo ni wa ukoo wa Mzee Wandera, na ni yeye aliyeruhusu shule iutumie. Ni yeye pia aliyenipa mahali pa kujenga nilipofika hapa Busibwabo, upande wa Kenya, na shati moja.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua imenyesha vizuri. Watoto wako kwenye mitihani ya kufunga muhula. Miche yangu ya lusiola, mti wa asili wa huku, nyuma ya nyumba imefika kimo cha goti. Nikaona nisingoje.

Nimepanda arobaini peke yangu, kwa kamba, hatua tatu kati ya mche na mche, kuanzia kwenye kivuko hadi kwenye jiwe kubwa. Safu imenyooka. Mgongo umekufa. Nimesimama pale na tope hadi magotini nikaitazama kama mtu anayetazama nyumba yake.

Jumapili, 24 Machi

Nimetoka kanisani nikakuta miche yote arobaini mlangoni pangu. Imeng'olewa na mizizi yake, imefungwa kwa kamba ileile niliyopandia.

Nimeingia ndani nikafungua nakala ya andiko letu. Ukurasa wa sita. Maneno yangu mwenyewe: "Kwa wenyeji, safu ya lusiola ni mpaka. Anayeipanda ndiye anayedai ardhi. Kwa hiyo upandaji wowote ufanywe na wenyeji wenyewe, mgeni asishike mche."

Nilijua. Nimewafundisha watoto wao jambo hilo. Nimelieleza vizuri kuliko mtu yeyote wa kijiji hiki. Sikusahau mila. Nilisahau kwamba mimi ndiye mgeni.

Jumatatu, 25 Machi

Ni Barasa aliyeng'oa, mtoto wa ndugu yake Mzee Wandera. Hajifichi. Nilimfundisha darasa la saba. Kwenye somo la miti ya asili alikuwa wa kwanza.

Madam Nekesa amelia ofisini. Hakunilaumu. Ningependa anilaumu.

Jumanne, 26 Machi

Kikao nyumbani kwa Mzee Wandera, wanaume kumi na wanne wa ukoo, Madam na mimi. Mimi nilipewa kiti kizuri, cha mgeni. Nimekikalia miaka yote hii bila kukiona.

Barasa alianza. "Mwalimu, leo ni miti. Kesho utaleta waya?" Wakacheka. Nikasema ni miti ya shule. Akasema, "Shule ina mikono? Mimi niliona ya kwako." Wakacheka tena, na kusema kweli alikuwa amejibu vizuri.

Nikaeleza habari za udongo, mizizi, mafuriko. Mzee mmoja akanikatiza: "Hayo tunajua, ulitufundishia watoto. Sisi tunauliza, wewe ulikuwa unatuambia nini na ile safu?"

Nikasema nilikosea. Nikasema nina zaidi ya miaka ishirini hapa.

"Ndiyo hiyo," Barasa akasema. "Umekula kwetu mpaka umesahau ni kwetu."

Mzee Wandera hakumkemea. Alisubiri wanyamaze, akazungumza pole pole. Kwamba yeye hana neno baya na Mwalimu. Kwamba Mwalimu ni omumenya, mtu anayekaa kwenye ardhi ya watu kwa hisani yao, na omumenya mzuri hajawahi kufukuzwa hapa. Lakini vijana wanazaliwa kila siku na ardhi haizaliwi. Kwamba shule itapata barua yake, na watoto wa ukoo watapanda wenyewe. Ila Mwalimu asikanyage ule ukingo tena, na jina lake litoke kwenye karatasi zote. Jina likikaa kwenye karatasi pamoja na ardhi, wajukuu watakuja kusoma nini?

Hapo alikuwa na haki. Ningekuwa mimi, ningesema hivyohivyo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wote walinitazama. Madam alikuwa anatazama mikono yake. Nikasema sawa.

Jumatano, 27 Machi

Siku ya kinamasi. Sikwenda.

Asubuhi Madam amekuja na chifu mdogo. Barua ya ukoo haijaandikwa. Wamejaribu mara mbili, haikai sawa. "Mzee, naona aibu kukuomba," akasema, "lakini si unajua hakuna mwingine."

Nimeiandika mimi. "Sisi wazee wa ukoo tunakubali ukingo wa mto utumike kwa masomo. Miti itapandwa na watoto wetu na itabaki yetu. Mwalimu aliyepanda awali ni mgeni wetu. Hana dai lolote juu ya ardhi hii, wala watoto wake hawatakuwa nalo." Sina watoto. Nimeiacha sentensi hiyo ibaki kwa sababu inafunga mlango vizuri.

Nimeisoma mara tatu kutafuta makosa. Hakuna kosa. Kisha nikachapa upya ukurasa wa kwanza wa andiko, na penye jina la mratibu nikaandika la mwalimu wa sayansi, kijana aliyekuja Januari kutoka Amukura na ambaye hajawahi kulowesha kiatu mtoni.

Nina hasira. Sina wa kumkasirikia. Ni hasira isiyo na kazi.

Alhamisi, 28 Machi

Wageni wamekuja. Nilisikia gari. Nilikaa nyuma ya nyumba na kupalilia vitalu ambavyo havina kitu.

Madam amenieleza jioni. Mama wa shirika aliuliza aliko yule mzee wa mkutano wa Malaba. Wakamwambia hajisikii vizuri. Akasoma barua ya ukoo akasema ni barua safi kuliko zote alizoziona katika wilaya mbili.

Jumatatu, 20 Mei

Ruzuku imepatikana. Miaka mitatu. Shule yetu na ya akina Isabirye ndizo za kwanza kwenye orodha.

Walifanya sherehe mtoni. Nilisikia nyimbo kutoka hapa, nikasikia kipaza sauti, nikasikia sentensi zangu zikisomwa na mwalimu wa sayansi. Anasoma haraka mno. Alipita juu ya vipimo vya maji kana kwamba ni tangazo la mazishi la redioni.

Watoto wa ukoo walipanda lusiola. Walitumia mashimo yangu. Madam aliniambia hilo akidhani nitafurahi. Nilimwambia nimefurahi. Nilimdanganya.

Barasa alipita nyumbani baadaye na kuku hai mkononi. Akaniwekea mlangoni. "Mwalimu, ile kesi ilikuwa ya ardhi, si yako." Nikamwambia akae. Tukanywa chai. Hatukuomba radhi, yeye wala mimi. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya.

Jumatano, 29 Mei

Watoto wamepita mbele ya nyumba kwenda mtoni. Wamevaa fulana mpya za kijani. Yule msichana wa korongo alitoka kwenye mstari akaniuliza kama naumwa. Nikasema magoti. Akasema watanihesabia korongo mimi pia. Nikaingia ndani.

Jumatano, 12 Juni

Madam Nekesa alikuja saa nne na barua kutoka kwa Isabirye. Shule ya upande wa pili inatafuta mratibu wake. Posho ileile, nyumba ya shule, na kipande cha ukingo ambacho ni cha serikali, hakina ukoo. Isabirye ameandika kwa Kisoga ukurasa mzima. Wamesikia mambo yaliyotokea. Wanasema mimi ni mtoto wao, nirudi nyumbani, vurugu zilizonifukuza zilikwisha zamani, hakuna atakayeniuliza kitu nikishika mche.

"Kule hakuna wa kukuita mgeni, mzee," Madam akasema. Alikuwa amefurahi kwa niaba yangu. Alitaka hili litengeneze lile.

Nikasema nitafikiri. Alipoondoka nikachukua karatasi nianze kutayarisha masomo, kupima tu kama naweza. Nikaanza na ndege wa mafunjo. Yule mweusi mgongoni, tumbo jekundu, utosi wa manjano. Jina lake kwa Kiingereza ninalo. Kwa Kikhayo, lugha ya hapa, ninalo, nililipata kwa mama mmoja mkata mafunjo. Kwa Kisoga halikuja. Bibi yangu alikuwa akituonyesha ndege huyu tukienda kuteka maji. Namwona anavyoinua kidole. Namwona anavyofungua mdomo. Neno halitoki.

Nikajaribu mengine. Nyasi inayokata mikono. Tope jeusi la ukingoni. Chura wa mvua ya kwanza. Yote yalikuja kwa Kikhayo.

Mvua ndogo ilipita. Mama wa jirani alinisalimu kutoka njiani, akauliza hali ya magoti, nikamjibu kwa lugha yake bila kufikiri.

Nimemwandikia Isabirye. Nimemshukuru. Nimeambatanisha nakala ya vipimo vya maji, miaka yote kumi na mmoja, avitumie apendavyo, maana mto ni mmoja. Nimemwambia amtafute mtu anayejua majina ya vitu vya hapo.

Kwenye ukingo wa hapa siruhusiwi. Kwenye shule ya Isabirye siendi. Sitarudi Iganga.