Waliokuja Kupanga Foleni

Nkoma, Itilima
3 Desemba

Dada yangu mpendwa Justina,

Mwangaluka, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mpanda, wewe, shemeji na watoto. Sisi tupo. Mvua imeanza, na pamba ya upande wa mtoni tumeshaipanda. Naandika kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu. Mama hukaa karibu akisikiliza.

Ulishasikia kwamba niligombea uenyekiti wa kitongoji nikashindwa na mzee Mboje. Hukusikia ilivyokuwa. Walionisukuma ni wenzangu niliosoma nao, wale waliorudi na vyeti na hawana kazi. Kasmiri, mwenye digrii ya uchumi, alisema Mboje ameliacha lambo likajaa tope mpaka watu na ng'ombe wanagombania maji, na kwamba anayehitajika ni mtu aliyesoma, anayejua mlango wa kugonga kule halmashauri. Kwenye grupu letu la WhatsApp walinishangilia kila siku.

Siku yenyewe nilisimama kando nikiangalia foleni. Wazee walikuja wote. Mwalimu mstaafu Luhaga alivaa suti. Bibi Nyanjige, ambaye hajawahi kukanyaga darasani, aliletwa kwa kushikwa mkono. Kwao, aliyesoma na asiyesoma walikuwa sawa. Rika la Mama nalo lilijitokeza. Rika langu ndilo lililonivunja moyo. Waendesha bodaboda walioishia la saba walipita mmoja mmoja, wakapiga kura, wakaendelea na safari zao. Wenye vyeti sikuwaona. Jioni nilimuuliza Kasmiri kulikoni. Alisema ameshapiga kura huko nyuma na hajaona ilichombadilishia, tena alidhani wengine wangekwenda. Sikugombana naye, dada. Nilichoka tu.

Nilishindwa kwa kura chache sana.

Mama ndiye anayenitia uchungu. Kabla ya uchaguzi alinifanya nimwandikie jina langu mchangani kwa kijiti, akawa analitazama na kulifuatisha kwa kidole mpaka akalizoea umbo lake. Sasa anaamini alikosea, akaweka alama kwenye jina la Mboje. Anasema kama angesoma, mimi ningeshinda. Amekonda. Nikimwambia alichagua vizuri, anajibu kwamba namtuliza.

Juzi asubuhi tulikuwa shambani, mimi na Baba. Akaacha jembe, akasema, "Milembe, kura yangu nilimpa Mboje." Nilidhani sikumsikia vizuri. Akarudia. Akaongeza kwamba alimwomba na baba mdogo Nyanda afanye hivyo hivyo, yeye pamoja na wanawe, nao wakamtii. Alisema hakuuza ng'ombe wake ili nisome halafu nibaki hapa nikiamua kesi za mbuzi. Aliogopa kwamba nikikipata kile kiti sitaondoka tena. Kisha akalia. Hata tulipomzika bibi yetu sikumwona akilia. Akaniomba Mama asijue.

Nilichukua jembe nikaendelea kulima.

Dada, nikimwambia Mama ukweli, atajua si yeye aliyeniangusha, lakini sijui ataishije na Baba humu ndani. Nikinyamaza, ataendelea kujilaumu kwa kutosoma kwake. Na yeye ndiye pekee nyumbani hapa aliyenichagua.

Naomba unipokee huko kwako baada ya palizi. Baba atafurahi, atadhani nimemwelewa. Ukweli ni kwamba siwezi kukaa meza moja na hao wawili nikiwa na siri hii.

Ila kabla sijafika, mpigie Mama. Najua kura ni siri, lakini mwambie umesikia kwa watu wa huku kwamba karatasi yake ilikuwa sawa. Mimi haniamini tena. Labda wewe atakuamini.

Baba na Mama wanakusalimu. Wabusu watoto, mpe shemeji heshima zangu.

Ni mimi mdogo wako,
Milembe