Uso Chini ya Maua

Gatitu, 9 Machi 2024

Kwako Anko Moffat,

Natumaini nyumbani mko salama na mvua imefika Karatina. Mimi niko mzima, lakini nimekasirika. Naandika kwa sababu kwa simu ningepiga kelele.

Ulinipa ile picha ya zamani ya bustani usiku, uliyoitoa kwenye kitabu cha watoto, ukaniambia niinakili mpaka mkono ujue. Tangu Mama azikwe nimekuwa nikiinakili: majani meusi, taa, ngazi. Nikakutumia ubao unionyeshe makosa. Umenirudishia ukiwa umepaka rangi juu ya kazi yangu! Kwenye ngazi nilikuwa nimeketisha mwanamke. Sasa kuna maua. Nani alikuambia uguse?

Mpwa wako,
Wachuka

Karatina, 16 Machi

Wachuka wangu,

Namshukuru Mungu uko mzima. Huku inanyesha, mabango ninayowachorea wateja hayakauki.

Anayenakili hufuata. Kwenye picha niliyokupa ngazi ni tupu, wewe ukaweka mtu. Mwanafunzi akianza kuongeza vyake kabla ya kujua kivuli kinaangukia wapi, atabaki wa kubahatisha. Nimekurekebishia, na badala ya asante napata matusi.

Anko wako,
Moffat

Gatitu, 20 Machi

Anko,

Usinifundishe kivuli. Yule alikuwa Mama, dada yako. Mlikua pamoja Gakindu mkichuma kahawa, halafu ati hukumtambua? Au ulimtambua ukamfunika? Nijibu hilo tu.

Wachuka

Karatina, 13 Aprili

Wachuka,

Habari za afya sitakuuliza, kwa vile hukuniuliza.

Nilimtambua mara tu nilipofungua karatasi uliyofungia ubao. Ulimchora na kitambaa cha hospitali, mashavu yameingia ndani, shingo imekonda. Murugi niliyemjua alibeba gunia la kahawa kunishinda, na akicheka alisikika mpaka kiwandani. Unataka kumtundika ukutani akiwa hivyo, watoto wako wamjue hivyo? Nilikasirika, nikachukua brashi. Ningefanya tena.

Anko wako,
Moffat

Gatitu, 17 Aprili

Anko Moffat,

Natumaini kifua hakikusumbui na baridi hii.

Huyo wa kucheka ulimwona wewe. Mimi nilimwosha huyu mwingine. Kwenye wadi yake hospitalini ulifika mara moja, ukasimama mlangoni, ukasema una bango la kumaliza. Alipotolewa hospitalini, kila jioni aliniomba nimkalishe kwenye ngazi ya nyuma. Aliniambia maua hunukia zaidi giza likiingia. Uso wake ulikuwa umechoka na umefurahi, vyote pamoja, na mimi nilikuwa nimeupata. Sijui kama nitaupata tena.

Wachuka

Karatina, 4 Mei

Mpwa wangu,

Nakusalimia kwa upole.

Ule mlango sikuweza kuupita. Lete ubao, tujaribu kuondoa maua kwa thina ya kuyeyushia rangi, polepole.

Anko wako,
Moffat

Gatitu, 8 Mei

Anko,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani.

Nilishajaribu. Maua yalitoka pamoja naye.

Hasira bado ninayo, na sitakudanganya kwamba imepungua. Lakini Jumamosi nitakuja na ubao mpya. Utaketi uniambie alivyokuwa akicheka, na mimi nitamchora vile ninavyomjua. Brashi usiishike.

Mpwa wako,
Wachuka