Kona ya Kushoto

Kwako Dada Mkubwa,

Pokea salamu zangu za moyoni, nikiamini zitakukuta mzima wa afya na kwamba zamu za wodini hazijakumaliza nguvu. Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimepoa? Shemeji hajambo? Sisi huku wazima. Mama mzima, Baba mzima, na mimi naendelea na kazi yangu ya kuvuta waya wa mtandao kwenye nyumba za watu, ngazi begani kama kawaida. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu unaijua nyumba yetu, simu ya mmoja ni ya wote, na humu kuna jambo moja ambalo Mama akilisikia, litafika kwa Baba Mdogo kabla sijakata simu.

Uliniuliza kwa nini Baba alikutumia ujumbe kwamba kuanzia sasa yeye hana mdogo. Dada, ni lile gemu lako la magari. Uliwanunulia mashine mbili, moja ya Baba na moja ya Baba Mdogo, ukasema wazee wakifukuzana jioni, kila mtu akiwa kwake, hawatakuwa wapweke. Nia yako ilikuwa njema. Ungejua, ungewaletea soksi.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mchana wapo pamoja karakana, Baba anapigilia mbao za makochi na Baba Mdogo anayavika sponji na kitambaa, na jua likianza kushuka kila mmoja anakimbilia runinga yake ili waonane tena. Mama akawa anasema amepata watoto wawili wa uzeeni. Kisha ikaja siku ya mashindano yao, waliyoyaita ubingwa wa ukoo, ingawa ukoo wenyewe ulikuwa wao wawili. Baba ndiye aliyetangulia kuvuka mstari wa mwisho. Nilikuwepo, nililiona gari lake likivuka kwa macho yangu. Akachukua simu ampe pole mdogo wake, akakuta mdogo wake anapiga kumpa pole yeye. Baba Mdogo naye alikuwa amevuka wa kwanza.

Asubuhi yake wakakutana karakana, kila mmoja na picha ya runinga yake kwenye simu, na kila picha ikionyesha gari la mwenyewe liko mbele. Baba akasema ile ya mwenzake ni ya kutengeneza. Baba Mdogo akajibu kwamba mtu mzima akianza kuiba ushindi, kesho ataiba misumari. Basi, wakanuniana. Na kochi, kama unavyojua, ni kazi ya watu wawili. Haukupita muda karakana ikajaa mifupa ya makochi upande mmoja na vilima vya sponji upande wa pili, na mteja akimuuliza Baba kochi langu liko wapi, anaambiwa nusu iko hapa, nusu kaulize kule. Mwalimu mmoja wa kike aliikalia fremu yake tupu vivyo hivyo, mkoba mapajani, akasema habanduki mpaka apate pa kuegemea. Baba hakujali. Alileta matofali, akaanza kupima mahali pa kujenga ukuta katikati ya karakana. Hapo nikaona mzaha mzaha umeshatumbua usaha, maana karakana ile ikigawanywa, hakuna kochi litakalotoka tena milele.

Nikawaeleza, kila mmoja kwa wakati wake. Niliwaambia gemu hili halina mwamuzi wa katikati. Mashine ya Baba inaongea moja kwa moja na ya Baba Mdogo, kama watu wawili wanaoitana toka ng'ambo hadi ng'ambo ya bonde. Habari kwamba gari la mwenzako liko hapa lazima isafiri, na ikifika, gari lenyewe limeshasogea mbele. Kwa hiyo kila mtu anajiona alivyo sasa, na mwenzake anamwona alivyokuwa kitambo kidogo. Wote wawili walishinda, kila mtu kwenye runinga yake. Baba alinisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaniuliza ni lini nitamweleza hayo mdogo wake ili aache wizi. Baba Mdogo naye aliniuliza hivyo hivyo kuhusu Baba. Damu ni damu.

Nikaona dawa ni kuupunguza huo ucheleweshaji mwenyewe. Niliwaomba wanipe nafasi nisafishe njia, warudie mbio, na atakayeshindwa akubali mbele ya Mama. Mpaka hapo, tofali lisiguswe. Wakakubali kwa kutumia mdomo wangu, maana wao hawakuwa wanasemeshana.

Nilianza kwetu. Ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao, ilikuwa nyuma ya friji, Mama ameivika kitambaa cha kufuma isipate vumbi, masikini ilikuwa inahema. Nikaitoa. Nikaachana na waifai, nikavuta waya wa moja kwa moja hadi kwenye mashine ya Baba, ukapita jikoni. Kesho yake nikakuta Mama ameuanikia vitambaa vya kufutia vyombo. Nikamwomba pia asitazame tamthilia zake wakati wa mbio, kwa sababu zinajaza njia. Alinijibu kwamba tamthilia zile ndizo zilizoishikilia ndoa yake, kwa hiyo nichague ninachotaka kivunjike. Tukaelewana awe anazipakua asubuhi. Kwa Baba Mdogo nilikuta anatumia kampuni nyingine ya mtandao, hivyo habari ya kutoka mtaa wa juu kwenda mtaa wa chini ilikuwa inazungushwa hadi mji mwingine kabisa ndipo irudi. Nikamhamishia kwenye kampuni yetu.

Kisha nikaingia ndani ya gemu lenyewe. Lina kipengele cha kukisia. Habari ikichelewa, mashine inadhani gari la mwenzako linaendelea kama lilivyokuwa likienda, na ukweli ukifika inalirekebisha. Nikakiongeza. Baba akawa anaona gari la mdogo wake linanyooka hadi ndani ya duka la maua, mara liko barabarani tena na halina hata jani. Akasema huo si mtandao, huo ni mkono wa mtu. Nikakipunguza, nikajaribu kipengele cha pili, kinachoitwa subira. Ukibonyeza, mashine yako inangoja kidogo kabla ya kutii, ili amri yako ifike na kwa mwenzako mwende sawa. Baba akalalamika kwamba gari limekuwa zito kama limepakia saruji, na kwamba subira anayoijua yeye huvuta heri, hii inavuta breki. Nikaiondoa. Njia ilikuwa imeshakuwa nyeupe, haikuhitaji tena kungojana.

Wakarudia mbio. Baba akashinda. Baba Mdogo akaomba tena, Baba akashinda tena, na safari hii picha zote mbili zilisema neno moja. Ilipaswa kuishia hapo. Lakini Baba Mdogo alinipigia, akasema kwa upole kabisa kwamba mtandao wangu bado mgonjwa, hasa kwenye kona za kushoto. Dada, nimevuta waya mpaka kwenye dari za watu wakubwa, sijawahi kuambiwa mtandao wangu una kona. Nilichukua kifaa changu cha kupimia nikaenda kwake kumwonyesha kwamba tatizo halipo kwangu.

Nilikaa nyuma yake kimya. Yeye kwenye kochi, Mama Mdogo pembeni yake upande wa kushoto anafuma sweta. Kifaa changu kikasema njia safi. Na kweli Baba Mdogo alikuwa anachelewa, lakini kushoto tu. Nikaona anageuza shingo kama kuku anayetazama punje. Halafu nikamsikia Mama Mdogo anakohoa, na Baba Mdogo anakata kushoto. Kona nyingine ya kushoto, akakohoa tena. Kona za kulia, mama wa watu mzima kabisa, hana hata mafua. Ikanijia pole pole. Habari ilikuwa inatoka kwenye runinga, inafika kwa Mama Mdogo, inakuwa kikohozi, inaingia sikioni kwa Baba Mdogo, ndipo inashuka kwenye kidole. Mimi nilikuwa nahangaika na nyaya, kumbe kituo kilichokuwa kinachelewesha kilikuwa kinafuma sweta.

Mama Mdogo alinisindikiza hadi getini, na huko akanifungulia moyo. Jicho la kushoto la Baba Mdogo limeingia ukungu, na ukungu unaongezeka. Hospitali hataki kusikia, anaamini siku atakayosema haoni vizuri ndiyo siku atakayonyang'anywa mkasi. Mama Mdogo akaongeza kwamba ndiyo maana mumewe aliukumbatia ule ugomvi. Ukuta ukijengwa, kaka yake hataiona mishono yake. Kisha akanishika mkono akasema, "Usimwambie mtu, mwanangu. Mimi nitaendelea kukohoa."

Nikamwahidi. Na sasa nakuungamia wewe, Dada, kwa sababu nilitoka pale nikaenda moja kwa moja karakana kumwambia Baba.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alienda kwenye kochi la mwisho alilovika mdogo wake kabla hawajanuniana, akapitisha kidole juu ya mshono. Upande wa kulia ulikuwa umenyooka. Wa kushoto ulikuwa unatangatanga. Akakaa juu ya yale matofali yake. Nilimwona anafuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, akayachafua zaidi. Kisha akaniuliza kama ile subira, ile ya kufanya gari liwe zito, inaweza kuwekwa upande mmoja tu. Nikamwambia inawezekana.

"Basi niwekee mimi," akasema. "Kiasi cha kikohozi kimoja."

Nimeiweka, Dada. Sasa Baba anaendesha gari la saruji kila jioni, na Baba Mdogo anashinda. Hatukai kwa amani. Anapita mtaani anajiita Bingwa, kwenye mlango wa karakana ametundika ile picha ya runinga yake ya siku ya ubingwa, ameichapisha kwenye karatasi, na Baba amelazimika kuipigilia msumari yeye mwenyewe. Lakini wanasemeshana. Ukuta umekufa, matofali tumeyapanga yawe benchi la wateja, na mwalimu amepelekewa seti yake, ingawa mishono ya kushoto Baba aliirudia alfajiri kabla mwenzake hajafika.

Ninachokuomba ni hiki. Baba Mdogo hamsikii mtu ila wewe uliyekaa kwake ulipokuwa unasoma. Mpigie. Usiseme nimekuambia, wala usitaje kikohozi. Zungumza tu kama muuguzi, mwambie wazee wa umri wake wote wanapimwa macho, na kwamba mtoto wa jicho hutolewa na mtu akarudi kushika mkasi wake. Akikubali, mimi nitampeleka.

Mama anakusalimu sana, Mama Mdogo anakusalimu, na mwalimu ambaye humjui naye anakusalimu kutoka kwenye kochi lake. Msalimie Shemeji, na umwambie asinunue zawadi yoyote yenye waya. Baba amepita hapa mlangoni sasa hivi, ameshaelewa ninamwandikia nani na kwa nini. Ametoka kushindwa mara nyingine. Amesimama kidogo, akasema nikuandikie maneno haya kama yalivyo: "Mwambie dada yako afanye haraka. Nimechoka kushindwa."

Mdogo wako akupendaye,
Fundi Waya